Taji la Bua la Mtama: Nywele, Heshima na Mipaka Katika Nchi ya Lukole

Ipo kawaida miongoni mwetu ya kudhani kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, nyimbo na ngano peke yake. Vitu hivyo ni vya thamani kubwa, lakini utamaduni huanza karibu zaidi nasi kuliko uwanja wa ngoma: huanza kichwani. Kabla mtu hajafungua kinywa kutaja jina lake au la ukoo wake, nywele zake zimekwisha kusema. Zimesema kama ni mtoto au ni mtu mzima, kama yu tayari kuposwa au amekwisha kuwa mzazi, na mara nyingine kama yumo katika furaha au katika msiba. Katika insha hii twataka kulichunguza pambo moja la kichwani ambalo kwa macho ni kitu kidogo mno: ukanda mwembamba uliotengenezwa kwa ganda la bua la mtama, ambao mama alijifunga juu ya nywele zake ndefu. Kwa Kirundi na Kinyarwanda ukanda huo huitwa urugori. Tumeichagua nchi ya Lukole iwe mahali petu pa kusimama tunapolitazama taji hilo, kwa sababu ambayo itadhihirika mbele.

Lukole ipo katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, upande wa nchi unaoelekea Biharamulo. Ni nchi ya vilima na mabonde. Si mbali na hapo yapo maporomoko ya Rusumo, karibu na mahali mto Ruvubu unapokutana na mto Kagera, na hapo ndipo ulipo mpaka wa Tanzania na Rwanda. Mpaka wa Burundi nao uko karibu. Wenyeji wa Ngara ni Wahangaza na Wasubi, na Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliikuta nchi hii ikiwa na watawala wake na taratibu zake. Mwaka 1861 John Hanning Speke alipita Usui, yaani nchi ya Wasubi, akiwa njiani kwenda Karagwe, akalazimika kulipa hongo kwa mtawala Suwarora kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari. Mwaka 1892 Oscar Baumann aliuvuka mto Ruvubu na kuingia Burundi. Mwaka 1894 Count von Götzen, Mjerumani, aliingia Rwanda kwa kupitia Rusumo.

Nchi ya Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa ndani ya ufalme wa Burundi. Katika enzi ya Wajerumani, Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa chini ya bendera moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wabelgiji walichukua Rwanda na Burundi, Waingereza wakachukua Tanganyika, na Bugufi ikabaki upande wa Waingereza ijapokuwa Mwami wa Burundi aliendelea kuidai. Hivyo ndivyo mstari uliochorwa na wageni ulivyopita katikati ya watu wenye lugha na desturi zinazofanana. Msomaji aukumbuke mstari huo, maana tutaurudia.

Sasa tulitazame pambo lenyewe. Kwanza hatuna budi kukiri kwamba kuzifunga nywele ndefu kwa pambo si jambo la nchi moja. Mwaka 1935, huko Skrydstrup katika nchi ya Denmark, lilifukuliwa kaburi la msichana aliyezikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Nywele zake zilikuwa ndefu, zimetengenezwa kwa ustadi, na juu yake zimefunikwa wavu uliofumwa kwa singa za farasi. Huko Scotland wasichana walikuwa wakifunga nywele kwa utepe, na mwanamke alipoolewa aliuacha utepe huo akavaa kitambaa cha kichwa, ili kila mtu ajue kwamba amekwisha kuvuka daraja. Katika pwani yetu wanawake hutunga maua ya asmini kwa uzi na kuyapamba katika nywele siku za harusi na za sherehe. Katika ufalme wa Rwanda, mfalme na mama wa mfalme walivaa igisingo, taji la shanga zilizoning'inia mbele ya uso kama pazia jembamba. Mwanadamu popote alipo hakuridhika kuziacha nywele zake ziote tu kama nyasi. Amezipa kazi ya kusema.

Katika nchi zinazopakana na Ngara, lugha hiyo ya nywele ilikuwa na kanuni zake. Kijana wa kiume, na mwali aliyefikia umri wa kuolewa, walinyolewa mtindo uitwao amasunzu. Sehemu nyingine za kichwa zilinyolewa, na sehemu nyingine ziliachwa zikue na kuchongwa kama matuta au kama mwezi mwandamo. Picha zilizopigwa katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliyefika Rwanda mwaka 1907, zinaonyesha wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa kwa namna hiyo. Yeyote anayejua kunyoa denge atatambua mara moja kwamba kazi hii si ya kubahatisha. Yataka wembe mkali, mkono uliotulia na jicho lenye kipimo. Kwa mwali, mtindo huo ulikuwa tangazo kwamba amekomaa na kwamba wachumba wanaweza kubisha hodi.

Mwali alipoolewa, wembe uliwekwa kando. Nywele ziliachwa zikue. Na alipojaliwa mtoto, alistahili kuvaa urugori. Kazi ya kuutengeneza ilikuwa rahisi kuisimulia, lakini ilihitaji subira. Baada ya mavuno, bua la mtama lililokomaa lilichaguliwa, ganda lake la nje likabanduliwa kwa urefu, likalainishwa na kukunjwa kuwa duara la kutosha kichwa cha mvaaji. Likikauka huwa na rangi hafifu ya majani makavu, nayo hung'aa kidogo juani. Wengine waliliongezea shanga. Duara hilo liliwekwa juu ya paji la uso na kuzishika nywele zilizosimama juu yake. Kwa hiyo lilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: liliziweka nywele mahali pake, na lilimweka mama mahali pake katika jamii. Aliyekutana naye njiani hakuhitaji kuuliza. Alijua kwamba huyu ni mzazi, na salamu ikatolewa kwa heshima inayompasa mzazi.

Kwa nini wazee hawakuchagua ngozi, au shaba, au ukindu? Kwa nini bua la mtama? Jibu limo katika nafasi ya mtama wenyewe. Mtama haukuwa chakula tu. Ndio uliotoa pombe ya impeke, iliyonywewa watu walipopatana, walipooana na walipozikana. Huko Burundi, kila mwaka mwezi wa Desemba, Mwami aliongoza sherehe ya umuganuro, ambamo mbegu za mtama zilibarikiwa kabla ya kupandwa. Ufalme mzima ulisubiri tendo hilo ndipo majembe yakainuliwa. Rwanda nayo ilikuwa na sherehe yake, umuganura. Basi mama aliyevaa bua la mtama alikuwa amevaa shamba kichwani. Alifananishwa na ardhi iliyopokea mbegu na kutoa mavuno. Hapo twaona hekima ya wazee: hawakuitenga heshima ya uzazi na kazi ya jembe, bali waliyafunga mambo hayo mawili kwa ukanda mmoja.

Sherehe hizo zilivunjwa na utawala wa Kibelgiji ukishirikiana na wamisionari. Umuganura wa Rwanda ulipigwa marufuku mwaka 1925, na umuganuro wa Burundi ulifanywa mara ya mwisho katika enzi hizo mwaka 1929. Taji la mama halikuhitaji amri ya kulifuta. Kilichofutwa ni mambo yaliyolipa maana. Polepole kitambaa cha dukani kikachukua nafasi ya bua la mtama, na wembe wa shule na wa misheni ukachukua nafasi ya mkono wa kinyozi aliyejua amasunzu.

Lakini liko jambo kubwa zaidi ambalo lilitendeka katika miaka hiyo, na ndilo linalotufanya tuandike insha hii. Katika miaka ya 1933 na 1934 Wabelgiji walifanya hesabu ya watu nchini Rwanda na kuanza kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mmoja: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mgeni aliyekuja na mizani ya kupima pua na urefu wa watu aliona mbari tu. Nywele hakuzisoma. Laiti angezisoma, angeona kwamba amasunzu hayakuwa ya Mtutsi peke yake wala ya Mhutu peke yake, na kwamba urugori ulikuwa juu ya kichwa cha mama wa ukoo huu na wa ukoo ule. Alama za wazee zilimweleza mtu kwa hatua ya maisha aliyofikia. Alama ya mkoloni ilimweleza mtu kwa kundi alilozaliwa ndani yake.

Tofauti hii yastahili kufikiriwa kwa makini na kila mwanafunzi wa historia. Alama ya nywele ni alama inayotembea. Mtoto hukua akanyolewa amasunzu, mwali huolewa akaacha wembe, mke huzaa akavaa taji. Hakuna anayebaki mahali pamoja, na kila mtu ana matumaini ya kufika pale mwenzake alipofika. Alama ya kitambulisho haitembei. Mtu alizaliwa nayo, akaolewa nayo, akazeeka nayo, na katika mwaka 1994 watu wengi waliuawa kwa ajili yake. Vitambulisho vile vile vilikaguliwa katika vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na neno moja lililoandikwa juu ya karatasi lilitosha kumtoa mtu roho.

Hapo ndipo tunaporudi Lukole. Tarehe 28 Aprili 1994, miaka 100 tangu von Götzen avuke Rusumo kuingia Rwanda, umati mkubwa wa watu ulivuka hapo hapo kwa upande wa pili. Yakadiriwa kwamba katika muda wa saa 24 watu wapatao 200,000 waliingia Ngara, wakapiga kambi mahali palipoitwa Benaco. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliokimbia vita, na miongoni mwao walikuwamo pia wauaji. Katika siku hizo mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti za waliouawa na kuzifikisha hata Ziwa Viktoria. Burundi nayo ilikuwa katika machafuko tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996, lakini kambi ya Lukole ilibaki ikiwahifadhi Warundi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwapo hapo watu wapatao 100,000, na kambi iliendelea kwa zaidi ya miaka 10, hata ilipofungwa katika mwaka 2008.

Tufikiri basi juu ya akina mama wa Lukole. Walitoka katika jamii ambayo taji la mama ni bua la mtama. Wamefika mahali ambapo chakula hupimwa kwa mgao wa mahindi, maharage na mafuta, na ambapo mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini. Taji la shaba mtu aweza kulificha katika nguo akavuka nalo mpaka. Taji la mtama lataka shamba, lataka msimu, lataka mavuno, na zaidi ya yote lataka jirani atakayelitambua. Mama anayelea mtoto kambini ni mzazi kama mzazi mwingine yeyote, lakini katika daftari la mgao yeye ni nambari na idadi ya vinywa vya nyumba yake. Hatusemi haya kwa kuwalaumu waliogawa chakula, kwa maana bila wao wengi wangekufa. Twasema tu kwamba mwanadamu hahitaji kushiba peke yake. Ahitaji pia kutambuliwa, na utamaduni ndio chombo cha kutambuana.

Twapenda pia kuwakumbusha wasomaji kwamba wakimbizi hao hawakufika kwa watu wageni kabisa. Mhangaza aliyemsikia Mrundi akimbembeleza mtoto alielewa maneno yake. Mstari wa mpaka ulikuwa umewafanya kuwa raia na mkimbizi, lakini lugha ilikuwa ingali inawafanya jamaa. Twakubali kwamba ujirani huo ulikuwa na mashaka yake. Kuni zilikatwa, ardhi ilichakaa, na amani ya vijiji ilitikiswa. Hata hivyo mwalimu wa Ngara au wa Biharamulo anayefundisha historia ya mipaka hana haja ya kutafuta mfano mbali. Anao mlangoni pake.

Baada ya kulisifu taji hili, yatupasa sasa kuusema upande wake mwingine, kwa kuwa insha inayosifu tu si historia. Taji la mama lilikuwa heshima kwa aliyezaa. Je, aliyekosa mtoto? Yeye alipita njiani na nywele zisizo na ukanda, na kila jicho lililomtazama lilisoma alichokosa. Lugha ya nywele inayoweza kutoa heshima bila maneno yaweza pia kutoa fedheha bila maneno. Twajua leo kwamba kukosa mtoto kwaweza kutokana na mume sawasawa na mke, lakini hapakuwa na taji ambalo mume alinyimwa. Kwa hiyo tunapowaambia vijana wautunze urithi wa wazee, tusiwaambie waubebe wote kama mzigo uliofungwa kamba. Wafungue mzigo, watazame kilichomo, wachukue kinachomjenga mtu na kuacha kinachombomoa. Mwacha mila ni mtumwa, hilo ni kweli. Lakini anayefuata mila bila kuuliza naye hajawa huru.

Taifa letu lenyewe limewahi kushindana na swali la nywele. Mara baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri mwaka 1962, iliundwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, kwa kuwa viongozi waliona kwamba uhuru wa bendera bila kujiheshimu ni uhuru nusu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi na nywele za bandia. Nia ilikuwa kuiondoa kasumba ya kudhani kwamba nywele za singa ni nzuri na za kipilipili ni mbaya. Nia hiyo twaielewa. Lakini kukataza ni nusu ya kazi. Kijana aliyeambiwa avue nywele za bandia alistahili pia kuelezwa wazee wake walivaa nini, kwa ustadi gani na kwa maana gani. Nusu hiyo ya pili ya kazi haikufanywa ipasavyo, na ndiyo iliyo mbele yetu hata leo. Mwezi Machi 2018, mwigizaji wa Kenya Lupita Nyong'o alipotokea katika sherehe ya tuzo za Oscar huko Marekani na nywele zilizotengenezwa kwa kufuata amasunzu, vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kutoka ng'ambo jambo ambalo lilikuwa la majirani wao wenyewe.

Kuko nchini Rwanda na Burundi, taji la mtama halikufa. Katika harusi za Rwanda bibi harusi huvishwa urugori, na sherehe ya umuganura imerudishwa nchini humo kuwa ya taifa tangu mwaka 2011. Maana imebadilika kidogo: taji ambalo zamani lilingoja mtoto sasa huvaliwa siku ya arusi yenyewe. Wapo watakaolalamika kwamba hiyo si mila halisi. Sisi twaona kwamba hivyo ndivyo mila inavyoishi. Imechukua heshima, na imeanza kuipunguza ile fedheha tuliyoitaja.

Je, mwalimu na mwanafunzi wafanye nini? Twashauri jambo dogo. Mwanafunzi aende kwa bibi yake au kwa mzee wa jirani, amwulize nywele zilinyolewaje zamani, nani alinyoa, kwa chombo gani, na mtindo gani ulisema nini. Aandike majibu hayo pamoja na majina ya mitindo katika lugha ya mahali pale, kwa maana jina likipotea kitu chenyewe hufuata. Kisha darasa lizima lilinganishe majibu. Wanafunzi katika shule zetu nyingi hunyolewa nywele fupi, na wote huonekana sawa. Usawa huo una manufaa yake katika nidhamu na usafi. Lakini chini ya vichwa hivyo vinavyofanana mna urithi wa mikono mingi, na kazi ya elimu ni kuufukua.

Wahenga walisema kwamba ukiona mwenzio ananyolewa, wewe tia maji. Watu wa nchi hizi walinyolewa na historia bila maji, mbele ya macho yetu, pale Rusumo na pale Lukole. Nasi tuliowatazama yatupasa kujifunza. Alama ambazo watu wanapeana zaweza kuwa za kumpandisha mtu hatua kwa hatua katika maisha, nazo zaweza kuwa za kumfunga katika kundi lake hata kifo. Wazee waliochagua bua la mtama, mmea unaopandwa, unaokua, unaovunwa na kupandwa tena, walichagua alama ya namna ya kwanza. Tukilisahau taji lao, tumesahau pambo moja tu. Tukisahau sababu yao ya kulichagua, tumesahau jambo ambalo kila taifa lenye makabila mengi halina budi kulikumbuka kila siku.